Mheshimiwa karudi na leso, nimuamini tena?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi kijana wa Langoni hapa Lamu, baba ni mvuvi. Kampeni za 2022 kuna mheshimiwa alikuja mpaka jetini akaingia mashuani akapiga picha na kina baba, akaahidi mtambo wa barafu ili samaki wasiharibike tukauza kwa bei ya kutupa. Akapita. Tangu siku hiyo simu hashiki na barafu mpaka leo twanunua. Sasa kwa sababu ya 2027 ameanza kuzunguka mitaani na maleso (kanga) anasema ati "nirudishieni imani yenu". Mimi naona wote wezi tu, bora nisipige kura kabisa. Ama nakosea?
Nimechoka, Langoni

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili manake kuna kitu hukusema, alikuwa anagombea nini huyo? Usinicheke, hapo ndipo tunapopigwa. Katiba ya 2010 mambo ya uvuvi imewapa kaunti, kwa hiyo mtambo wa barafu ni kazi ya gavana na pesa zake zinapitishwa na MCA, yani mwakilishi wa wadi, kule bunge la kaunti. Kama alikuwa anataka ubunge basi aliahidi kitu ambacho si chake, hela za CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, zilizoanza 2003 ni za mambo ya serikali kuu, madarasa, basari na kadhalika. Yani imani haikuvunjwa baada ya kura, ilivunjwa palepale mashuani ila nyinyi mlikuwa mnaangalia kamera.

Sasa ati arudishiwe. Kwani aliisahau kwa jirani? Wewe muangalie mwenye duka wa mtaani kwenu, mtu akila mchele na sukari ya miezi mitatu halafu aje na maneno matamu akope tena, mwenye duka wala habishani naye, anatoa daftari, wadaiwa hiki na hiki, lipa kwanza halafu tuongee. Fanyeni hivyohivyo. Kama ni wa kaunti muulizeni mbele za watu, huo mtambo uko bajeti ya mwaka gani, ukurasa upi? Makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kila mwaka na wananchi wana haki ya kusikizwa, sasa kitu kama hakimo humo ni hadithi ya barazani tu.

Akikuzungusha, andika barua. Sheria ya upatikanaji wa habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza ofisi ya serikali nao wamjibu ndani ya siku 21, kuomba ni bure, unaweza kulipia kutoa kopi tu. Wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali. Toa nakala mbili na hiyo yako igongwe muhuri wa kupokelewa, hilo usisahau, bila muhuri watakwambia hawajaiona.

Hilo la "wote wezi" silitaki, samahani. Anayelipenda neno hilo kuliko wote ni mwizi mwenyewe, manake akichanganywa na waungwana hana la kuogopa, na yule mmoja aliyejaribu naye anaona hakuna faida. Halafu wewe ni wa Lamu bwana, umesahau ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe? Megawati 1,050, wakubwa wote wanaupigia debe, watu wa hapahapa wakaenda baraza la rufaa za mazingira (tribunal) na Juni 2019 leseni ikafutwa, na sababu moja kubwa ni kuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hawakungoja kumuamini mtu wale, waliuliza karatasi.

Kura piga, hiyo si zawadi yake. Na leso mwambie mama asiguse, najua zapendeza, lakini sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 ikiwa ni ya kununua kura inamshika anayetoa na anayepokea vilevile. Ukijibiwa hiyo barua, au siku 21 zikipita kimya, niandikie tena unieleze.