Wadogo zangu wafamasia, kuandika dawa kunaanzia kaunta

Wadogo zangu mnaomaliza chuo na kuanza utarajali, kila nikikutana nanyi swali ni lile lile: lini na sisi tutaruhusiwa kuandika dawa? Ni swali la haki. Mtu kasomea dawa miaka minne, anajua zinavyofyonzwa, zinavyotoka mwilini na zinavyogombana zenyewe kwa zenyewe, halafu kazi yake inaishia kusoma cheti cha dawa alichoandika mwenzake na kuhesabu vidonge. Mimi nataka mamlaka yetu yapanuliwe, na nalisema hilo popote ninapopewa nafasi. Ila nataka mjue mamlaka hayo yanadai nini, maana mengi ya yanayodaiwa mnaweza kuanza kuyafanya kesho asubuhi bila kuvunja sheria yoyote.

Tazameni waliotutangulia. Wafamasia wa jimbo la Alberta, Kanada, walifunguliwa mlango wa kuandika dawa mwaka 2007. Aliyetaka idhini kamili hakupewa kwa sababu tu ana shahada. Alitakiwa kupeleka kumbukumbu za wagonjwa aliowahudumia, zionyeshe aliwauliza nini, alifikiri nini, aliamua nini na baadaye alifuatilia vipi. Kule England, tangu tarehe 31 Januari 2024, famasi za mitaani zinatibu magonjwa saba bila mgonjwa kupita kwa daktari, yakiwemo maumivu ya koo, sikio la mtoto, mkanda wa jeshi na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) ya kawaida kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64. Kila ugonjwa una mwongozo wake ulioandikwa: nani atibiwe, nani asitibiwe, nani apelekwe hospitali leo leo. Mfamasia akitoka nje ya mwongozo, yuko nje ya ruhusa.

Chukueni hiyo UTI, kwa sababu hakuna ombi linalosikika zaidi kwenye kaunta zetu. Dada anakuja: "Naomba dawa ya UTI." Mtarajali mwenye haraka anageuka kwenye shelfu. Wewe usigeuke. Mvute pembeni, pasipo na masikio ya foleni, umuulize. Unasikia moto ukikojoa? Usiku unaamka kukojoa kuliko zamani? Mkojo umekuwa na ukungu? Mwongozo wa England unategemea maswali hayo matatu. Akiwa na mawili au yote, UTI inaaminika. Kisha uliza yanayobadilisha kila kitu: una mimba, au huenda unayo? Una homa, baridi, maumivu ya ubavu? Unatokwa na uchafu ukeni, unawashwa? Mwenye uchafu na muwasho mara nyingi shida yake ni nyingine kabisa, na antibayotiki anayoiomba inaweza kumwongezea fangasi. Mwenye homa na ubavu unaouma anahitaji kuonwa hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito asiondoke na kidonge cha kubahatisha.

Mazungumzo hayo hayachukui hata dakika tano. Kwa sheria yetu Tanzania dawa ya cheti inatoka kwa cheti, kwa hiyo mwisho wake huyu dada unamwelekeza kituoni. Lakini tofauti ni kubwa kati ya kumwambia "nenda hospitali" na kumpa karatasi yenye umri wake, dalili zake, dawa alizokwisha kumeza wiki hii na jambo unalolihofia. Daktari akiisoma hiyo karatasi anajua kuna mtu aliyefikiri kabla yake.

Kisa cha pili ni cha kila siku, na hiki hakihitaji ruhusa ya mtu. Mzee anaingia, anataka diklofenaki, dawa ya maumivu, za magoti.

"Shikamoo baba. Ni zako mwenyewe?"

"Marahaba. Zangu, magoti haya."

"Presha unayo, baba?"

"Ninayo, ila dawa natumia. Ninazo hapa."

Anatoa mfuko mweusi. Ndani kuna dawa mbili za presha, losatani na haidroklorothiazaidi, ile ya kumpeleka chooni mara kwa mara. Hapo mfamasia ndipo anapotakiwa kusimama wima. Diklofenaki juu ya hizo mbili ni mzigo mzito kwa figo, hasa za mtu mzima ambaye pengine hanywi maji ya kutosha. Pia inapandisha presha yenyewe. Nimeona zaidi ya mara moja mgonjwa ambaye presha yake haishuki, kila akirudi kliniki anaongezewa dozi, na hakuna aliyewahi kumuuliza ananunua nini mtaani. Hakuona sababu ya kuitaja diklofenaki, kwa kuwa kwake dawa ni zile za kliniki tu. Mkalishe baba huyo, mwache apumzike dakika tano, mpime presha, mpe parasetamo kwa dozi sahihi au dawa ya kupaka, kisha andika uliyoyakuta ayapeleke kliniki. Hiyo ni huduma kamili ya mgonjwa, na iko ndani ya kazi yako leo.

Sasa tuongee kuhusu fedha, kwa sababu hapa ndipo madaktari wanapotupinga, na wana hoja. Wanasema: anayeuza dawa akiruhusiwa na kuiandika, ataandika ili auze. Msikasirike mkisikia hivyo. Tajiri wako anahesabu mauzo ya jioni, na mteja uliyemrudisha bila kidonge ni hela iliyotoka mlangoni. England walilitazama jambo hili machoni: mpango ulipoanza, famasi ililipwa paundi 15 kwa mashauriano yaliyokamilika, dawa itoke isitoke. Mfamasia akisema "koo hili ni la virusi, litapona lenyewe," amelipwa sawa na aliyetoa penisilini. Siku tukikaa kudai mamlaka yetu, kipengele hicho kiwe cha kwanza mezani. Bila hicho, tutaongeza usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na lawama itakuwa halali yetu.

Na msidhani kwamba kwetu serikali haijawahi kupanua mamlaka ya mtoa dawa. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma yalianza maduka ya dawa muhimu, kuchukua nafasi ya yale ya dawa baridi, yaani dawa zisizohitaji cheti. Wahudumu walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, ikatengenezwa orodha ya dawa za cheti wanazoruhusiwa kutoa, zikiwemo antibayotiki chache. Baadaye mpango ukaenea nchi nzima. Wahudumu wale hawakuwa na shahada. Walichopewa ni mafunzo, orodha yenye mipaka na mkaguzi. Sisi wenye shahada hatuwezi kudai tuachiwe bila hayo.

Jambo la kuanza nalo ni daftari. Nunua lako, la jalada gumu. Kila mgonjwa uliyezungumza naye kwa kina, andika umri, jinsia, alichoomba, ulichouliza, ulichogundua, ulichoamua na sababu yake. Jina usiandike, weka namba, na orodha ya namba na simu ifungiwe mahali pengine. Kisha uliza kama unaweza kumpigia. Mtoto wa kilo 12 aliyepimwa malaria akaandikiwa dawa mseto ya malaria, kidonge kimoja mara mbili kwa siku kwa siku tatu: kesho yake mpigie mama. Dozi ya pili alipewa zilipopita saa nane tangu ile ya kwanza, au alingoja asubuhi? Alikula chochote chenye mafuta, hata maziwa? Alitapika, na kama ndiyo, ilikuwa ndani ya saa moja baada ya kumeza? Majibu hayo yatakufundisha mambo ambayo kaunta haikuonyeshi, kwa sababu kaunta inamwona mgonjwa akiondoka tu.

Daftari likishakuwa na kurasa za kutosha, lipeleke kwa mganga mfawidhi wa kituo kilicho karibu na famasi yako. Mwombe apitie visa vichache kila mwezi, akuonyeshe palipo sawa na mahali ambapo yeye angeamua vingine. Mwanzoni anaweza kukupa dakika kumi za shingo upande. Endelea kumpelekea rufaa zinazosomeka, zenye presha iliyopimwa vizuri na orodha kamili ya dawa, na taratibu ataanza kukupigia simu yeye, kukuuliza kuhusu dawa za mgonjwa aliye mbele yake.