Daraja refu kwenye mdomo wa mto: maswali yenu

Juzi nikiwa nasubiri pantoni ya kwenda Kitunda niliandika kuhusu daraja la pili la mto Severn kule Uingereza, lile la barabara kuu lililofunguliwa 1996, urefu mita 5,128, maswali yakamiminika. Nachukua manne.

*Mwalimu, si wangesubiri maji yapwe wajenge nguzo kama tunavyojenga msingi wa nyumba?*
Wangepata muda gani? Pale Severn wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji yanapanda na kushuka mpaka mita 14 hivi, sisi hapa Lindi hata 5 hayafiki na bado mnaona mitumbwi inavyolala kwenye tope. Unamwaga zege, hujamaliza maji hayo yanarudi kwa kasi. Kwahiyo makasha ya msingi walifinyanga nchi kavu, mengine yana uzito wa karibu tani 2,000, yakabebwa na tishari hadi mahali pake.

*Kwanini katikati kuna nyaya na pembeni hamna?*
Meli zipite. Pembeni maji ni machache, nguzo unazipanga karibu karibu na gharama inashuka. Katikati wameacha mita 456 bila nguzo, nyaya ndo zinashika. Pont de Normandie ya Ufaransa, ya 1995, imeacha 856.

*Mimi fundi wa Mikindani, chumvi hailiharibu?*
Hapa ndo penyewe fundi wangu! Chumvi haina shida sana na zege, inatafuta nondo, ikiifikia nondo inashika kutu na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mara mbili na zaidi, basi inasukuma zege linapasuka toka ndani. Kibaraza changu ni shahidi, fundi mmoja alileta mchanga wa ufukweni, hata kuosha hakuosha, nikalipa nikashukuru, leo ukiinua macho unaona nondo zimetoka kama mbavu za punda na vipande vinadondokea kwenye mkeka. Anayejenga daraja la baharini anaizika nondo ndani zaidi, zege linakua zito lisilopitisha maji, na maji ya kukorogea yanapimwa sio unamimina kwa macho. Panapoharibika haraka ni pale maji yanapopanda na kushuka, panaloa panakauka, maana kuna chumvi na hewa pamoja, chini kabisa kwenye maji ya kudumu pana nafuu.

*Basi likipita Daraja la Mkapa pale Rufiji linagonga ta-ta, ta-ta, limeanza kufa?*
Hapana dada, lala usingizi wako. Lile lina mita 970, na zege la urefu huo joto likipanda digrii 10 linarefuka kama sentimita 10, sasa likikosa pa kwenda si litajikunja? Ndo maana wameacha viungio vyenye nafasi, tairi likivuka unasikia ta-ta. Ukisikia chuma kinacheza kama bati lililolegea, hapo wapigie Tanroads, wakala wa barabara.