Mfuko ulipe hospitali, lakini mwenye kosa aje ajibu

Mhariri, mmetuuliza wiki hii kama Kenya ifute kesi za fidia za ajali, kila aliyeumia alipwe na mfuko wa umma pasipo kumtafuta mwenye kosa. Mfuko naukubali. Kufuta kesi, la.

Mamangu alikuwa akiuza viazi karai kando ya barabara, Changamwe. Asubuhi moja lori lilirudi nyuma, likambana mguu ukutani, na mafuta ya moto yakammwagikia mkono. Kesi ilichukua miaka minne: leo faili haionekani, kesho wakili mgonjwa, mara hakimu kahamishwa. Anayesema njia hii ni mateso hasemi uwongo. Kungekuwa na mfuko wa kulipa hospitali papo hapo, tusingeuza friji na cherehani.

Lakini siku ya ushahidi mwenye lori alisimama kizimbani, akaulizwa breki zilianza kusumbua lini. Akanyamaza. Akaulizwa tena. Akasema: wiki mbili kabla. Tukirudi ndani ya matatu mamangu hakutaja pesa hata mara moja. Alikuwa akirudia tu, "Wiki mbili. Alijua." Miaka yote ile majirani walimwambia ni kadari, na pengine aliketi karibu mno na barabara.

Huku kwetu mtoto hufunzwa chuoni, yaani madrasa, kwamba haki ya Mungu, Mungu huisamehe. Haki ya mja haiondoki mpaka mja mwenyewe alipwe au asamehe. Sheria ya madai, ukiivua lile joho la Kiingereza, imesimama hapo hapo. Mfuko ukilipa peke yake, aliyelipa hakukosa, na aliyekosa hakuulizwa.

New Zealand walishafanya hivyo tangu 1974. Majeruhi wa ajali hulipwa na mfuko unaochangiwa na waajiri na wenye magari, hata kwa tozo la petroli, na haki ya kushtaki ili kudai fidia ya majeraha ikaondolewa. Matibabu hayangoji hukumu, na hilo ni jambo kubwa.

Nasi tumeonja kidogo. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 humpeleka mfanyakazi kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini badala ya mahakamani, bila kuhitaji kuthibitisha uzembe wa tajiri wake. Mahakama ya Juu ilisema 2019 kwamba haivunji Katiba. Lakini tazama hesabu yake: ulemavu kamili wa kudumu ni mshahara wa miezi 96, yaani miaka minane. Kijana wa miaka 22 anayepakua magunia Shimanzi, akivunjika uti wa mgongo, sheria imemhesabia kazi mpaka miaka 30. Baada ya hapo ale nini?

Bima ya lazima ya gari nayo hukomea shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Kinachozidi umfukuze mwenye gari mwenyewe, kama anacho.

Basi ningependa mfuko ulipe hospitali siku ile ile, kisha umdai mwenye kosa arudishe kila senti. Aliyeumia abaki na kesi yake, iwekewe muda wa kumalizika. Na swali la breki liulizwe mbele yake, akiwa amekaa pale anasikia.

Msomaji, Mombasa