Kabla hajakubeba mbioni, kubalianeni

Umejiandikisha kwa mbio zako za kwanza zinazopita kilomita 42.195, labda 50, labda 100, na mtu wa nyumbani kasema atakuja kukusaidia njiani. Vizuri. Sasa kaeni mzungumze, maana mapenzi matupu hayatoshi saa 9 usiku, miguu imekufa ganzi na tumbo limekataa kila kitu. Mengine hata humtoa mkimbiaji mbioni. Mtu anakuona unatetemeka, machozi yanamlengalenga, anasema "basi, inatosha, twende nyumbani", na wewe ulikuwa unasubiri mtu aseme hivyo tu.

Uchovu wa mbio hizi si kila mara ishara kwamba mwili umefika mwisho. Wanga tunaouhifadhi kwenye misuli na ini ni wa kilokalori 2,000 hivi, na ukikimbia unaumaliza kwa saa chache. Ukipungua bila kuongezwa, miguu inakuwa mizito na kichwa nacho kinageuka. Unakasirika ovyo, unaona mbio zote upuuzi. Mimi nikianza kumchukia aliyechora njia, najua nina njaa.

Ndiyo maana mke wangu haniulizi kituoni, pale njiani tunapopumzika na kula, "unajisikiaje?" Jibu lake anajua: vibaya. Anauliza yenye majibu ya maana. Tangu kituo kilichopita umekula nini? Umekojoa? Mkojo ulikuwa na rangi gani? Chupa ikirudi imejaa, keshajua kabla sijafungua mdomo. Mfundishe wako maswali hayo mapema, na umpe makadirio: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Wapo wanaofika 90 kwa kuchanganya aina mbili za sukari, glukosi na fruktosi, ila tumbo lazima lizoezwe hivyo wiki nyingi kabla. Siku ya mbio si siku ya kujaribu chakula kigeni.

Tumbo likikataa, ujue damu nyingi imeenda kwenye misuli na ngozi, huko tumboni imebaki kidogo. Kulazimisha hakusaidii. Punguza mwendo, tembea, nywa kidogo kidogo, kisha jaribu kitu chepesi chenye chumvi. Na msaidizi asikutandazie mezani vitu kumi uchague. Kuchagua nako ni kazi, na kichwa kimechoka. Ashike viwili: supu au kiazi? Ukisema huvitaki vyote, akupe kiazi cha kwenda nacho.

Kati ya saa 9 usiku na saa 11 alfajiri joto la mwili huwa chini kabisa na usingizi unakuja na nguvu zake zote. Wengi huona vitu visivyokuwepo, kisiki kikawa mtu ameketi. Ukiwa na muda wa kutosha kabla kituo hakijafungwa, lala dakika 15 au 20 huku msaidizi akishika saa. Jua likichomoza, mwili huamka kwa namna ambayo usiku ule usingeiamini.

Lililo zito kuliko yote ni kukubaliana mapema nini kinasimamisha safari. Ukichanganyikiwa usijue uko wapi, ukitapika bila kukoma, kifua kikiuma, ukiacha kutetemeka ingawa bado una baridi kali: hapo anamwita daktari, na hupingi. Kichwa kikiuma, vidole vikavimba hadi pete inabana, pengine umekunywa maji kupita kiasi na sodiamu ya damu imeshuka. Kukuongezea maji ni hatari. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa nzito, misuli inavunjika na figo ziko mashakani. Kwa ajili ya figo hizohizo, ibuprofeni, dawa ya maumivu, isiwemo mfukoni.

Malengelenge, kilio, matusi na "siwezi" haviko kwenye orodha hiyo. Kwetu sheria ni kwamba sijitoi nikiwa nimekaa kitini. Kwanza nile, nibadilishe soksi, nisimame, nitembee hatua chache kutoka kituoni. Nikirudi bado nataka kuvua namba, tunazungumza. Mara nyingi sirudi.

Someni kanuni pamoja, maana zinatofautiana sana. Mbio za Western States, California, zinaruhusu mtu kukusindikiza kwa kukimbia nawe katika sehemu ya mwisho ya maili 100. Mbio za UTMB, zinazozunguka mlima Mont Blanc huko Ulaya, haziruhusu kabisa, na msaada wa mtu wako unapokelewa kwenye vituo vilivyotajwa tu. Ndugu anayekimbilia na chupa mahali pasiporuhusiwa anaweza kukuletea adhabu, hata kama nia yake ni njema.

Mwangalie naye pia. Anakusubiri saa nyingi, gizani, kwa dakika chache za kukuona, na dakika hizo unaweza kuzimaliza kwa kumfokea. Mwombe radhi kabla ya kuanza, kwa yale utakayoyasema baadaye. Awe na chakula chake, nguo za baridi, na ratiba yenye muda wa mapema na wa kuchelewa kwa kila kituo, asije akadhani umepotea. Naye atakuwa amekesha, kwa hiyo mtafuteni mtu wa tatu, aliyelala vizuri, awaendeshe gari kurudi.