Jibu: Hoteli imemtaka mdogo wangu akate dredi ndipo apewe kazi

Dada, pole sana. Huo ni uonevu, na inauma zaidi ukisema nywele zenyewe ni safi na mdogo wako huwa amezibana vizuri kisogoni. Kazi ya mapokezi inaharibika nini hapo?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa rangi, jinsia, dini na mengineyo, hata kwa mwombaji kazi. Nywele hazikutajwa (jimbo la California, Marekani, walizitaja mwaka 2019), hivyo mdogo wako aoneshe zinavyohusiana na mojawapo ya hayo. Kama ni Rasta, dini inaingia. Ule ujumbe wa WhatsApp aliotumiwa na meneja asiufute! Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanaoshughulikia migogoro ya kazi, wana ofisi hapo Tanga. Awahi kupeleka malalamiko, siku ni 60 tu.