Je, ubongo hupumzika ukiwa unaperuzi simu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasoma uhasibu hapa Arusha. Nikimaliza sura moja napumzika kwa kuangalia video fupi kwenye simu, dakika kumi hivi, kisha narudi kitabuni. Cha ajabu, niliyosoma yameshatoka. Bibi ananiambia niweke simu pembeni nikae tu. Nikikaa bure si ubongo unazimika? Faida yake nini?
Msomaji, Njiro

JIBU: Marahaba. Ubongo hauzimiki hata kidogo. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati, na ukiacha kazi ukakaa, ulaji huo haushuki kwa kiasi cha maana. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wa St. Louis, Marekani, walieleza kuwa yapo maeneo ya ubongo yanayochangamka zaidi mtu akiwa hana shughuli, na kutulia akipewa kazi. Hayo ndiyo tunayoyatumia kukumbuka ya jana na kupanga ya kesho.

Sasa huko kusahau. Mwaka 2012 Michaela Dewar na wenzake huko Edinburgh waliwasomea wazee hadithi fupi mbili. Baada ya moja, wazee walikaa dakika 10 kwenye chumba chenye mwanga hafifu bila kufanya lolote. Baada ya nyingine, walipewa mchezo wa kompyuta wa kutafuta tofauti kati ya picha. Ile iliyofuatwa na utulivu waliikumbuka vizuri zaidi, hata siku 7 baadaye. Kumbukumbu changa ni zege bichi: likikanyagwa kabla halijashika, linaharibika. Video zako, moja baada ya nyingine, ndizo nyayo zenyewe. Macho yanaburudika, sawa, ila ubongo umepokea mzigo mwingine.

Ukweli ni kwamba wale walikuwa wazee, na hadithi si mizania ya hesabu. Marudio na usingizi wa usiku vinabaki palepale. Lakini jaribu, halina gharama, na bando linabaki.

Funga kitabu. Simu iende chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani hakutoshi, mkono utaifuata tu. Kaa dakika kumi, macho yafumbe au yatazame ukuta, na usijilazimishe kukariri. Mawazo yakienda sokoni Kilombero, yaache yaende. Kama umesoma chuoni na unarudi nyumbani na kifodi, kaa dirishani, inatosha.

Mwanzoni utawashwa, si wewe peke yako. Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia na wenzake waliwaacha watu peke yao chumbani kwa dakika 15 bila simu, wakiwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walikibonyeza, na wanawake 6 kati ya 24. (Wanaume wenzangu, hapo sina utetezi.)

Ila kama kila ukitulia unavamiwa na huzuni au mawazo ya kujidhuru, ushauri wangu ni mwingine kabisa. Usikae peke yako nayo. Mwambie bibi, kisha nenda leo hii Hospitali ya Mount Meru, uulizie huduma ya afya ya akili.