Kwa dada anayeulizia upasuaji wa kupunguza uzito: mimi niko mwaka wa sita baada ya baipasi

Mdogo wangu, pole na hongera. Pole kwa maneno unayoyasikia nyumbani, hongera kwa kuuliza mapema. Umesema una miaka 34, kilo 118, urefu sentimita 165, kisukari kimeingia mwaka wa tatu, na daktari amekushauri ufikirie upasuaji. Mama yako anasema huo ni uvivu, mumeo anaogopa utafia mezani. Ukatuuliza tuliopitia: tunajuta? Na maisha ya baadaye yakoje?

Mimi nilifanyiwa baipasi, mojawapo ya aina za upasuaji huo, nikiwa na kilo 131, urefu wangu sentimita 162. Sijuti. Ila kuna kosa nililifanya mwaka wa pili, nikalilipia mwaka wa nne, na hilo ndilo limenifanya nikae chini nikuandikie kwa urefu. Wengi wanaosimulia habari hizi huishia siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Nianze na la mama, maana najua linavyouma. Kabla ya upasuaji nilipungua kilo 20 na zaidi mara tatu tofauti, na mara zote tatu zilirudi na nyongeza. Nilikuwa nalala na njaa, naamka na njaa, nafanya kazi huku nusu ya akili iko kwenye chakula. Baadaye daktari alinieleza kwamba mwili ulionenepa kwa miaka mingi huupigania uzito wake. Ukila kidogo, homoni ya njaa iitwayo ghrelini inapanda, na mwili unaanza kubana matumizi ya nishati. Anayekuangalia haoni vita hivyo, anachoona ni kilo zilizorudi. Mwambie mama kwa upole kwamba umeshapigana sana, na kwamba huu ni ugonjwa wenye tiba kama mingine. Akikataa kuelewa, usimchukie. Mama yangu alielewa siku aliponiona napanda ngazi bila kusimama katikati kuvuta pumzi, na hiyo ilikuwa miezi minane baadaye.

Mumeo yeye ana haki ya kuogopa na anastahili majibu ya kweli. Siku hizi upasuaji huu kwa kawaida hufanywa kwa matundu madogo na kamera, na penye madaktari wanaoufanya mara kwa mara, wanaopoteza maisha ni pungufu ya mmoja katika kila watu mia. Hatari zipo: damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu, kutokwa damu ndani, na sehemu iliyoshonwa kuvuja. Ndiyo maana wauguzi walinisimamisha nitembee siku ileile, nikiwa bado na usingizi wa nusu kaputi, na maumivu makali zaidi siku hiyo yalikuwa begani, kwa sababu ya gesi wanayojazia tumbo ili waone vizuri. Mwambie pia kwamba Uswidi walianza mwaka 1987 kufuatilia watu zaidi ya 4,000 wenye unene mkubwa, nusu wakiwa wamefanyiwa upasuaji na nusu wakipata matibabu ya kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji walikufa wachache kuliko wenzao. Kwa hiyo swali lake liwe na pande mbili: hatari ya kufanya, na hatari ya kubaki na kisukari na kilo 118 kwa miaka ishirini ijayo.

Kuhusu kama unastahili: nimekupigia hesabu, BMI yako, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, ni 43. Kwa miaka mingi kigezo kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii viliteremsha wakasema 35 inatosha hata bila ugonjwa mwingine. Wewe umo kwa vigezo vyote viwili, hapo usijitese.

Sasa aina. Kuna ile wanayoita slivu: wanakata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, linabaki kama mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa ghrelini nyingi, kwa hiyo njaa inatulia. Ikishakatwa imekatwa, hairudishwi. Baipasi wanatenga kijifuko kidogo juu ya tumbo, ujazo wake kama mililita 30, halafu wanakiunga na utumbo mwembamba mbele zaidi, chakula kisipite kwenye tumbo lililobaki wala mwanzo wa utumbo. Tumbo la zamani linabaki humo humo ndani. Mimi nilichaguliwa baipasi kwa sababu mbili: nilikuwa na kiungulia kibaya, na slivu inaweza kukizidisha, tena nilikuwa na kisukari cha muda mrefu. Wewe hukutaja kiungulia. Kama unacho, hata cha usiku tu, usikifiche siku ya kumwona daktari.

Wiki mbili za kabla ya upasuaji niliziona ndefu kuliko upasuaji wenyewe. Unakula chakula kidogo sana cha protini, wanga karibu hamna. Nilidhani wananipima nidhamu, kumbe ni suala la ini. Ini la mtu mnene huwa limejaa mafuta na limevimba, nalo hulalia juu ya tumbo, daktari lazima alinyanyue ndipo afanye kazi. Siku hizo chache zinalifanya linywee. Kwa hiyo usiibe hata kidogo, unamrahisishia kazi yule mwenye kisu.

Kisukari changu kilinishangaza. Nilikuwa nachoma insulini asubuhi na jioni. Siku ya tatu baada ya upasuaji, kabla hata sijapungua kilo tatu, sukari ilikuwa imeshuka kiasi cha daktari kuniambia niache kuchoma. Nililia pale kitandani, muuguzi akadhani nina maumivu. Si wote wanaopata hivyo, na mwenye kisukari cha miaka mingi huweza kurudiwa nacho, kwa hiyo hata leo napima. Wewe wa miaka mitatu una nafasi nzuri zaidi. Muhimu ni hili: dozi zishushwe na daktari, maana ukiendelea na dozi za zamani huku huli, sukari itaanguka vibaya.

Kula ni kujifunza upya. Unaanza na maji na vitu vyepesi vya kunywa, baadaye vilivyosagwa, halafu laini, mpaka ufike chakula cha kawaida baada ya wiki kadhaa. Siku yangu ya kwanza ya yai nilikata kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikakitafuna mpaka kikawa uji. Nikasubiri. Cha pili, nikasubiri. Kufika nusu ya yai nilihisi kitu kama kidole kinanibonyeza katikati ya kifua, nikajua nimeshiba. Nusu yai! Miaka yote ile nilikuwa sijui shibe ina sauti. Ukiipuuza sauti hiyo ukaongeza kijiko kimoja tu, mate yanajaa mdomoni, unatapika. Ilinitokea mara nyingi mwanzoni, hasa nilipokula huku nazungumza.

Maji na chakula haviendi pamoja. Ukila, unasubiri kama nusu saa ndipo unywe, tena kwa kidogokidogo siku nzima. Protini kwanza, gramu 60 hadi 80 kwa siku, vingine vifuate. Sukari ukiichezea kwenye baipasi utaijua: mwezi wa tano nilikunywa glasi ya juisi tamu haraka, na dakika chache baadaye moyo ulikuwa unakimbia, jasho linanitoka, tumbo linanyonga, ikabidi nilale sakafuni. Wanaita dampingi. Sukari inamwagika moja kwa moja kwenye utumbo kwa kuwa hakuna tumbo la kuizuia.

Nywele zitanyonyoka. Zangu zilianza mwezi wa tatu, nikawa naziokota kwenye mto kila asubuhi, na zilirudi kabla mwaka haujaisha. Kilo nazo zitasimama kabisa karibu wiki ya tatu, utahisi umedanganywa. Funga mzani kabatini, utaendelea kushuka. Mawe kwenye kifuko cha nyongo huwapata wengi wanaopungua haraka, kwa hiyo maumivu upande wa kulia chini ya mbavu usiyapuuze.

Sasa kosa langu.

Kufikia mwaka wa pili nilikuwa kilo 82. Sina dawa ya kisukari wala ya presha, natembea kilomita sita asubuhi. Nikaanza kuona vidonge vya vitamini nilivyoagizwa nimeze kila siku kama mabaki ya ugonjwa. Nilikuwa naruka siku, nikaruka wiki, nikaacha kabisa, na kliniki nikaacha kwenda kwa sababu nilijiona mzima. Hakuna kilichotokea, na hapo ndipo mtego ulipo. Vitamini B12 huhifadhiwa kwenye ini, akiba yake huweza kukubeba miaka. Aliyefanyiwa baipasi hainyonyi vizuri tena kwenye chakula, kwa sababu chakula kinaliruka lile tumbo linaloandaa B12 inyonywe. Kwa hiyo nilikuwa nakula akiba bila kujua.

Mwaka wa nne nilianza kuhisi sisimizi kwenye nyayo. Nikasema viatu. Baadaye vidole vya mikono. Asubuhi moja nilisimama mbele ya kioo nafunga vifungo vya shati, nikawa nakiona kifungo kiko kati ya vidole lakini sikihisi. Nilikitazama kwa macho mpaka kikaingia kwenye tundu. Shati lile lina vifungo saba, lilinichukua robo saa, na nilipomaliza miguu ilikuwa inatetemeka. Vipimo vilionyesha B12 iko chini kabisa, madini ya chuma chini, damu pungufu. Daktari aliniambia ningechelewa zaidi mishipa ya fahamu ingeharibika moja kwa moja. Nilichomwa sindano za B12 kwa miezi. Mikono imerudi yote. Vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo vina ganzi.

Ndiyo maana ukiniuliza namna ya kuamua, sikuulizi kama unaweza kustahimili kisu. Kisu unalazwa usingizi, hukioni. Nakuuliza kama unaweza kumeza vidonge vyako na kupima damu kila mwaka ukiwa huumwi popote, ukiwa umependeza, watu wanakusifu, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kuwa uliwahi kufanyiwa upasuaji. Ukiona jibu ni ndiyo, fanya. Ukiona bado, subiri miezi michache ujizoeze. Anza leo kumeza kidonge kimoja cha vitamini ulichoruhusiwa, saa ileile kila siku, uone utafika wapi.

Mengine nayataja kwa haraka. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziache, kwa baipasi hasa, zinaleta vidonda pale palipoungwa. Sigara vivyo hivyo. Pombe inapanda haraka kuliko zamani, na wapo walioanza kuitumia kujaza nafasi ya chakula, nimemwona mmoja wa karibu yangu, inasikitisha. Kwa kuwa una umri wa kuzaa, jua kwamba uzito ukishuka mimba hushika kwa urahisi kuliko ulivyozoea, vidonge vya uzazi wa mpango huenda visinyonywe vizuri baada ya baipasi, na madaktari hushauri usubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kubeba. Panga njia nyingine na daktari kabla, si baada.

Ngozi italegea. Mikono yangu na tumbo vimelegea, na kuna siku navitazama nikasikitika. Mume wangu hakuwahi kusema neno baya, lakini nilihitaji muda wa kuuzoea mwili ambao sikuuota. Na kuna kitu kingine ambacho hakuna aliyenitayarisha nacho: chakula kilikuwa ndicho kinanifariji. Nikigombana na mtu nilikula, nikichoka nilikula. Tumbo lilipofungwa mlango, hasira na uchovu vilibaki mlangoni vinagonga. Nilimwona mshauri wa saikolojia kwa miezi sita na ninaona ulikuwa msaada sawa na upasuaji wenyewe. Kama hospitali yako ina mshauri, kaa naye mapema.

Uliuliza pia kuhusu sindano za semaglutaidi, dawa ya kupunguza uzito. Zinasaidia wengi, na siwezi kukukataza. Fahamu tu kwamba wengi wakiziacha uzito hurudi, kwa hiyo nazo ni safari ndefu. Mjadili na daktari zote mbili.

Leo nina kilo 88. Zimerudi sita toka nilipokuwa chini kabisa, na daktari ananiambia kuongezeka kidogo baada ya mwaka wa pili ni kawaida. Njaa nayo imerudi, si kama ile ya zamani, lakini ipo. Ule mwaka wa kwanza wa utulivu ndio niliojifunzia kula, na mazoea niliyojenga wakati ule ndiyo ninayoyaegemea sasa.

Siku ya kumwona daktari, nenda na mumeo, aulize hofu zake mwenyewe. Muulizeni anafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka, nani atakufuatilia mwaka wa tatu na wa tano, na ukitapika usiku wa manane siku ya kumi nani atapokea simu. Ukishajua wamekuchagulia aina gani, rudi uandike hapa. Kama ni baipasi nitakupa ratiba yangu ya vidonge saa kwa saa, maana chuma na kalsiamu havimezwi pamoja, vinanyang'anyana njia, mimi huviachanisha angalau saa mbili.